Azimio la New York na Lindo la Oraba

Tarehe 31 Oktoba, 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, likiwa chini ya uenyekiti wa Namibia, lilipitisha kwa kauli moja Azimio nambari 1325 juu ya wanawake, amani na usalama. Azimio hilo lina aya 18 tu, na askari aweza kulisoma lote huku akinywa kikombe chake cha chai kabla ya kuingia zamu. Hata hivyo, ukiuliza habari zake kambini au katika kituo cha polisi, jibu utakalolipata aghalabu ni kwamba mambo hayo ni ya mabalozi, ya mashirika, na ya akina mama wenye semina zao mahotelini.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Sehemu kubwa ya Azimio hilo inamhusu mtu mwenye silaha mkononi na sare mwilini. Balozi aliyeinua mkono wake kule New York hatakutana kamwe na mwanamke avukaye mpaka usiku pale Oraba, wilayani Koboko, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Atakayekutana naye ni koplo, na kwa mwanamke huyo Umoja wa Mataifa, Serikali na sheria zote zilizoandikwa vitakuwa vile atakavyokuwa koplo huyo katika dakika kumi zile za kwanza.

Yafaa basi tuyatazame maneno yenyewe. Aya ya 10 ya Azimio yazitaka pande zote za vita zichukue hatua maalumu za kuwalinda wanawake na wasichana dhidi ya ukatili wa kijinsia, hususan ubakaji. Aya ya 11 yakumbusha wajibu wa kila dola kuwashtaki watendao makosa hayo, na yasisitiza kwamba, kila iwezekanapo, yasiingizwe katika msamaha unaotolewa vita vinapokwisha. Aya ya 12 yaagiza kwamba makambi na makazi ya wakimbizi yaheshimiwe kuwa ni mahali pa raia, na kwamba hata mpango wa majengo yake uzingatie mahitaji ya wanawake. Aya ya 13 yahusu wapiganaji wanaoweka silaha chini na kurudi uraiani: wapangaji wa kazi hiyo wazingatie mahitaji ya wapiganaji wa kike, ya wale wa kiume, na ya watu wanaowategemea. Na juu ya hayo yote, aya ya kwanza yadai wanawake waongezwe katika ngazi zote za kuamua, kuanzia kuzuia vita hadi kutia sahihi ya amani.

Miaka minane baadaye, tarehe 19 Juni, 2008, Baraza hilo hilo lilipitisha Azimio nambari 1820, ambalo ni kali zaidi. Lilitamka kwamba ubakaji na ukatili mwingine wa namna hiyo waweza kuwa kosa la vita, kosa dhidi ya ubinadamu, au sehemu ya mauaji ya kimbari. Kisha likageuka kwa makamanda na kutaja kazi zao: kutia adabu ya kijeshi, kushika kanuni kwamba mkubwa wa kikosi hujibu kwa matendo ya walio chini yake, kuwafundisha askari, na kuwachuja wenye historia mbaya kabla hawajapewa sare. Lugha hii kila ofisa anaifahamu, kwani ni lugha ya amri.

KWA NINI WEST NILE

Pengine msomaji atauliza kwa nini tunaitaja Arua na Koboko, wala si Kampala au Gulu. Sababu ni kwamba eneo hili limeyaonja yote mawili: limewahi kuwa nchi ya watu waliokimbia, na sasa ni nchi ya watu waliokimbiliwa.

Vita vya 1979 vilikoma katika eneo hili mwanzoni mwa Juni mwaka ule, majeshi ya Tanzania yalipofika mpaka wa Sudani. Wazee wengi wa West Nile husimulia hata leo kwamba askari wale wa Tanzania walikuwa na nidhamu, na kwamba balaa kubwa lilikuja baadaye. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Idi Amin walivuka kutoka Sudani na Zaire, wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi la UNLA lilipoyarudia maeneo hayo, halikutofautisha sana kati ya mpiganaji na mwanakijiji. Watu walikimbia kwa malaki, wengine wakielekea Yei na Kaya upande wa Sudani, wengine Aru upande wa Zaire. Miji ikabaki mitupu. Tarehe 24 Juni, 1981, askari wa UNLA walivamia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, ambako maelfu ya raia walikuwa wamejificha, wakawaua makumi ya watu wasiokuwa na silaha. Waliouawa pale waliuawa na jeshi la Serikali, katika uwanja wa kanisa. Tunalitaja jambo hili waziwazi kwa sababu askari anayetumwa leo kulinda Arua anatembea juu ya ardhi inayolikumbuka.

Hapa pana jambo la ajabu katika tarehe. Mwezi wa Julai 1985 wanawake wa dunia nzima walikutana Nairobi katika mkutano mkuu wa tatu wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake. Wakati mkutano huo ukiendelea, tarehe 22 Julai, Uganda iliuridhia Mkataba wa Kufuta Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake. Siku tano baadaye, tarehe 27 Julai, serikali iliyouridhia ikapinduliwa na jeshi lake yenyewe. Mwanamke wa Koboko aliyekuwa akilima shamba la wakimbizi huko Yei hakujua kwamba amepewa haki hizo, wala hakuwa na mtu wa kumdai. Mkataba huo, hata hivyo, haukupinduliwa. Umeendelea kuifunga Uganda hadi leo.

Watu walianza kurejea kwa wingi kuanzia 1986, lakini amani haikutulia mara moja. Katikati ya miaka ya 1990 kundi la West Nile Bank Front lililoongozwa na Juma Oris lilipigana katika eneo hili, na mabomu yaliyotegwa ardhini yakawakata miguu raia waliokuwa wakienda sokoni na shambani. Kundi hilo lilivunjika 1997. Kundi la UNRF II la Ali Bamuze lilitia sahihi makubaliano ya amani na Serikali huko Yumbe tarehe 24 Desemba, 2002, na tangu hapo bunduki zimenyamaza. Hilo ni jambo la kujivunia, na wanajeshi walioshiriki kulifanikisha wanastahili heshima.

Swali letu ni jingine. Baada ya sahihi, nani alipata nini? Sheria ya Msamaha ya 2000 ilimpa hati mtu aliyeasi akarejea, na mfuko wa kuanzia maisha uliofuatana na hati hiyo ulikuwa na godoro, blanketi, jembe, mbegu na fedha taslimu shilingi 263,000. Mpango huo ulikuwa wa busara, maana mtu aliyetoka msituni mikono mitupu ni hatari kwake na kwa jirani zake. Lakini mlango wa mpango huo ulikuwa bunduki. Aliyeishika bunduki, au aliyewasaidia walioishika, alikuwa na mahali pa kusimama katika foleni. Mjane ambaye mumewe aliuawa na upande huu au ule, naye hakuasi wala hakumsaidia mwasi, hakuwa na foleni. Ni jambo hili hasa ambalo aya ya 13 ya Azimio ilikuwa imekwisha kulionya miaka miwili kabla ya sahihi ya Yumbe.

MJANE NA SHAMBA

Mjane huyo aliporudi kutoka uhamishoni alikuta jambo jingine likimngoja. Katika desturi ya Walugbara na majirani zao, mahari ndiyo inayomfunga mke na ukoo wa mumewe, na ndiyo inayowapa watoto jina na shamba katika ukoo huo. Sasa, vijana walioana kambini Sudani au Zaire katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa na ng'ombe wa kutoa. Wakazaa. Mume akafa huko huko, au akafa njiani. Mke akarudi Arua na watoto watatu kwa wakwe ambao hawajapata kumwona, na shemeji yake akamwambia: mahari hayakutolewa, wewe si mke wetu, ardhi hii ni ya ukoo.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba sheria ina jibu jepesi hapa. Ndoa ya kimila isiyo na ushahidi ni ngumu kuithibitisha mahakamani. Lakini watoto wa marehemu wana haki yao hata kama wazazi wao hawakuoana, na mjane ambaye ndoa yake yathibitika analindwa waziwazi. Katiba ya 1995, katika ibara ya 33, inakataza sheria, mila au desturi yoyote inayovunja hadhi au maslahi ya wanawake. Sheria ya Mirathi, kama ilivyorekebishwa 2022, inampa mke au mume aliyebaki asilimia 20 ya mali ya marehemu asiyeacha wasia, na watoto asilimia 75. Mrithi wa kimila, yule ambaye zamani alijiona mwenye vyote, amewekewa asilimia moja. Zaidi ya hayo, kumfukuza mjane katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe sasa ni kosa la jinai.

Neno hilo la mwisho linawahusu polisi moja kwa moja. Kwa miaka mingi mwanamke aliyekwenda kituoni kusema kwamba shemeji zake wameng'oa mabati ya nyumba yake aliambiwa: hayo ni mambo ya ukoo, rudi ukazungumze na wazee. Ofisa aliyesema hivyo hakuwa lazima mtu mbaya. Huenda aliamini kwamba anaepusha ugomvi. Lakini leo akisema hivyo anamrudisha mlalamikaji kwa mtuhumiwa, jambo ambalo asingelifanya hata siku moja kama kilichoibwa kingekuwa pikipiki.

KATIKA KAUNTA YA POLISI

Tuchukue mfano, usiomhusu mtu fulani, lakini ambao kila polisi wa mpakani ataufahamu. Mwanamke amevuka kutoka upande wa Kaya. Ametembea usiku mbili. Anafika kaunta, anasimama kando mpaka wengine waondoke, kisha anasema polepole, "Afande, nimeharibiwa njiani." Hilo ndilo neno analoliweza. Hatasema zaidi mbele ya watu waliokaa kwenye benchi.

Kuanzia hapo saa inakwenda, na si saa ya mahakama bali ya mwili. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haina budi kuanza ndani ya saa 72 tangu tendo, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa zaidi. Kinga ya mimba nayo ina mwisho wake, nao ni saa 120. Ametumia usiku mbili barabarani, kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wake imekwisha kuliwa. Ofisa akimwambia, "Mama, kesho uje, mpelelezi hayupo," amemnyima dawa, ingawa hakukusudia. Akimpeleka hospitali kwanza na kuandika maelezo baadaye, hajavunja sheria yoyote, na amehifadhi ushahidi ambao kesho ungekuwa umeoshwa. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari ni kwa ajili ya kesi. Isigeuzwe kuwa tiketi ya kuingilia zahanati. Wala haipaswi kuuzwa kwa shilingi hata moja.

Kisha huja suala la nani anasikiliza. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inaeleza kwamba mlalamikaji akipenda, maelezo yake yaandikwe na ofisa wa jinsia yake, na inampa polisi wajibu wa kumsaidia kupata matibabu na mahali salama. Sheria hiyo inahusu ukatili wa nyumbani, lakini ofisa mwenye busara atafanya vivyo hivyo kwa huyu aliyevuka mpaka. Kama hajui Kiswahili wala Kiingereza, atafutwe mkalimani ambaye si mumewe, si ndugu yake, wala si mwenyekiti wa mtaa anamoishi. Maneno mengine mwanamke hawezi kuyapitisha katika kinywa cha mtu wa nyumbani kwake.

Tukitaja lugha, tuseme jambo dogo pembeni. Kiswahili ni lugha ya jeshi na polisi katika Uganda tangu zamani, na katika sehemu nyingine za nchi wako wazee ambao walikijifunza kwa maneno mawili tu: "simama" na "leta". Hawakukipenda, na hatuwezi kuwalaumu. Hapa West Nile hali ni tofauti, kwani Kiswahili kinasikika sokoni Arua na katika maduka ya Koboko, na mwanamke mfanyabiashara anakitumia kupatana bei. Askari anayehudumu huku amepewa bahati ambayo mwenzake wa kusini hakuipata: anaweza kumwambia mama "keti, pumzika, nieleze" kwa lugha ile ile ambayo mama huyo anaitumia kuuza mihogo.

WALIOKIMBILIA KWETU

Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, mkondo wa watu uliovuka kuingia West Nile ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliopata kuonekana hapa. Bidibidi ilifunguliwa Yumbe mwezi Agosti mwaka huo, Imvepi ikafunguliwa Februari 2017, na makazi ya zamani ya Rhino Camp yakapanuliwa. Ilipofika Agosti 2017 wakimbizi wa Sudani Kusini waliokuwa Uganda walikuwa wamefikia milioni moja, na zaidi ya asilimia 80 kati yao walikuwa wanawake na watoto. Lobule, wilayani Koboko, inawahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Wazee wa Koboko hawakushangaa sana. Baadhi ya waliovuka walikuwa watoto wa watu waliowapokea wao kule Yei mwaka 1981.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ina kifungu maalumu juu ya haki za wanawake wakimbizi. Azimio 1325 nalo, katika aya ile ya 12, linagusa mambo ambayo mtu aweza kuyadharau: bomba la maji liko umbali gani, choo kina mlango, kuni zinatafutwa wapi. Lakini ukiuliza wanawake wa makazini mahali wanaposhambuliwa, watakutajia hapo hapo, yaani njia ya kuni na njia ya maji. Doria inayopita barabara kuu saa nne asubuhi, gari likiwa na bendera, inaonekana vizuri na haimlindi mtu. Doria inayojua saa ambayo wanawake huenda kuni na kichaka wanachokatia, hiyo ndiyo aya ya 12 ikitembea kwa miguu.

Kuhusu nchi walikotoka, Makubaliano yaliyohuishwa ya Amani ya Sudani Kusini, yaliyotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 12 Septemba, 2018, Uganda ikiwa mmoja wa wadhamini wake, yalitenga asilimia 35 ya nafasi za serikali ya mpito kwa wanawake. Uganda yenyewe ilipeleka wanajeshi Sudani Kusini Desemba 2013, na tena Machi 2025. Ina maana kwamba askari wa Uganda amekutana na Azimio hili pande zote mbili za mpaka: upande huu akiwa mwenyeji, upande ule akiwa mgeni mwenye silaha katika nchi ya watu.

KAMANDA HUJIBU

Zamani palikuwa na methali iliyotawala wakati wa vita: mwenye nguvu mpishe. Wengi walidhani kwamba vita vikiisha, mambo ya wanawake yatasahauliwa kama yalivyosahauliwa siku zote. Kwa miaka hii ya karibuni imani hiyo imeanza kuwagharimu watu.

Siku ya mwaka mpya wa 2011 askari wa jeshi la Kongo waliingia mji wa Fizi, Kivu ya Kusini, wakapora na kubaka. Tarehe 21 Februari mwaka huo huo, mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ikamtia hatiani kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kwa makosa dhidi ya ubinadamu, ikampa kifungo cha miaka 20. Wanawake 49 walikuwa wametoa ushahidi. Haikupita miezi miwili tangu kosa mpaka hukumu, nayo ilitolewa na wanajeshi wenzake. Huko Juba, Septemba 2018, mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani askari 10 kwa mauaji na ubakaji uliotendwa katika hoteli ya Terrain wakati wa mapigano ya Julai 2016. Na hapa kwetu Uganda, Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa LRA, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai 2021 kifungo cha miaka 25 kwa makosa 61, yakiwamo ndoa za kulazimisha na mimba za kulazimisha. Yeye mwenyewe alitekwa nyara akiwa mtoto. Mahakama ililizingatia hilo katika kupima adhabu, lakini haikumwachia.

Msomaji asidhani kwamba tunawanyoshea kidole wengine tu. Septemba 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya askari wa AMISOM kutoka Uganda na Burundi waliotuhumiwa kuwadhulumu wanawake wa Mogadishu waliofika kambini kuomba dawa na chakula. Azimio nambari 2272 la Machi 2016 lilikwenda mbele zaidi, likaunga mkono kurudishwa nyumbani kwa kikosi kizima cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa panapokuwa na ushahidi wa kuaminika kwamba unyanyasaji umeenea ndani yake. Hapo mia waliolinda vizuri wanapoteza posho na heshima kwa ajili ya kumi. Ni hoja ambayo sajini yeyote anaweza kuieleza gwaridani bila kitabu.

KANUNI YETU WENYEWE

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Na wakumbuke kwamba Kanuni ya Maadili ya NRA, iliyotiwa katika Tangazo la Sheria nambari 1 la 1986, ilikwisha kumkataza askari uhusiano usio halali na mwanamke yeyote, kwa hoja kwamba hakuna wanawake waliowekwa kando ya njia wakiwangoja askari wapitao, na kwamba wanawake wengi ni wake au mabinti wa watu fulani. Kanuni hiyo ilisaidia sana. Jeshi lililoingia mjini likiwa nayo halikufanana na yale yaliyolitangulia.

Hata hivyo, ukiitazama vizuri hoja ile utaona mahali inapoishia. Inamlinda mwanamke kwa sababu ni wa mtu: ana baba, ana mume, nao watakasirika. Je, yule aliyevuka Oraba, ambaye mumewe amekufa na baba yake haijulikani aliko? Je, mjane ambaye ukoo umemkana kwa sababu ya ng'ombe ambao hawakutolewa? Kwa kipimo cha kale hao si wa mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna wa kukasirika. Hapo ndipo Azimio 1325, na kabla yake Mkataba wa 1979 na Katiba yetu ya 1995, vinapoingiza jambo jipya. Vinasema kwamba haki hiyo ni ya mwanamke mwenyewe, awe ana mtu au hana. Katika nchi inayotoka vitani, ambako wanawake wengi wamepoteza wanaume wao, tofauti hiyo si ya wanasheria peke yao.

Uganda imekwisha kuandika mipango mitatu ya kitaifa ya kutekeleza Azimio hilo: wa kwanza 2008, ukiunganishwa na Azimio 1820 na Tamko la Goma la mwaka huo, wa pili ulifuata 2011, na wa tatu ulipangwa kwa kipindi cha 2021 hadi 2025. Karatasi basi hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni mambo madogo yasiyohitaji mkutano: chumba kimoja chenye mlango katika kituo, ufunguo wake uwe kwa ofisa wa zamu wala si kwa mkuu aliyekwenda mjini, namba ya mkunga wa zahanati ya karibu ibandikwe ukutani, mafuta ya pikipiki ya kumpeleka mtu hospitali usiku.

Na liko moja ambalo sheria imelitamka tangu zamani: mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Katika vizuizi vingi polisi na askari wa kike wapo mchana, wakikagua mizigo na kuandika madaftari, na jioni wanarudi nyumbani. Wanaovuka kwa kukimbia vita huvuka usiku. Kamanda wa Arua au wa Koboko akitaka kujua Azimio hili limefika wapi katika eneo lake, hana haja ya kungoja ripoti ya mtu. Aifungue orodha ya zamu ya wiki hii, aitazame safu ya usiku, ahesabu majina ya wanawake.